Furaha, Binti Mfalme na Mpaka wa Plastiki

Haya, kaeni. Tangu nirudi simu yangu haipumui. Mmoja ananiuliza, "Ziki, kweli bibi harusi alikamatwa?" Mwingine, "Ziki, kweli ulimpiga polisi?" Sikumpiga mtu! Nimeeleza mara kumi na mbili, na kila niliyemweleza kaenda kueleza vyake. Sasa naandika mara moja kwenye grupu, msome wote, na atakayeongeza chumvi tutakutana stesheni ya Blacktown, mimi na yeye.

Mambo ya fomu na mtandao naruka, hakuna mtu mwenye akili anataka kuyasikia. Mjue tu kwamba mwaka huu wa korona, hapa Australia, mtu wa Sydney alikuwa haingii jimbo la Queensland. Ila akikaa siku kumi na nne nje ya Sydney, mahali pasipo na ugonjwa, anapewa pasi, anapita. Basi.

Na kwa asiyemjua Furaha: mimi na yeye tumenyonya ziwa moja. Mama yake aliugua kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Furaha ana wiki mbili, mimi nina miezi minne. Mama yangu akamweka kushoto, mimi kulia. Mama anasema nilikuwa nanyoosha mkono namfinya. Sikatai. Lakini mtu mwingine amfinye, ndipo atanijua.

Sasa Furaha kapata mchumba, Amani, kijana wetu wa Logan, kule Queensland. Harusi imeahirishwa mara mbili. Safari hii mama mkwe kasema: Jumamosi tuliyopanga au basi tena, maana kila siku wanatangaza wagonjwa wapya na mpaka unaweza kufungwa kabla hujamaliza chai. Na kwetu bibi harusi hajipeleki kama kifurushi cha posta. Shangazi anampeleka, anamkabidhi mkononi mwa wenyewe. Kwa hiyo tulikuwa na kazi moja tu duniani: Furaha avuke siku hiyo, na avuke kwa heshima.

Merrylands mpaka Bulahdelah

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo tulitoka kwetu Merrylands kumepambazuka, na gari la kwaya, lile lenye mlango unaofungwa kwa kamba. Mimi naendesha. Pembeni yangu Shangazi Zena, dada wa marehemu baba yake Furaha, sufuria ya sombe iko katikati ya miguu yake kama mtoto mchanga. Nyuma Furaha, masanduku matatu, ndoo, na mfuko wa unga kilo ishirini.

"Shangazi, unga wa nini?" nikamuuliza. "Queensland ni Australia hii hii."

"Umefika?"

"Sijafika."

"Basi nyamaza, endesha."

Tulikuwa hatujamaliza nyumba za Sydney, Furaha akagonga kiti changu. "Ziki, endelea. Tuliishia wapi?"

"Kwenye mchoraji."

Hapa lazima niwaeleze kitabu. Wakati wa lokdauni, siku ile watu wa Merrylands wanatoa makochi na takataka kubwa barabarani, niliokota kitabu kinene hakina jalada. Ni maisha ya binti mmoja wa mfalme huko Ulaya, zamani za magari ya farasi na wanaume wa kuvaa nywele za bandia. Ana majina saba na yote yananishinda kutamka, mimi namwita Binti Mfalme. Mnajua shule yangu iliishia wapi. Nilikisoma neno kwa neno, simu mkononi natafuta maana, miezi miwili, na kila nilichosoma namsimulia Furaha jikoni. Kilituingia wote wawili kama ugonjwa.

Maana sikilizeni. Malkia wa zamani hakunyonyesha mtoto wake! Aibu. Wakaleta mama mmoja wa kijijini, ana binti yake mchanga, akawanyonyesha wote wawili. Binti Mfalme na yule mtoto wakakua pamoja, sahani moja, kitanda kimoja, baridi ile ile, maana jumba lenyewe lilikuwa baridi kama friji. Niliposoma hapo nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mchoraji akaja," nikamwambia Furaha, "Binti Mfalme ana miaka tisa. Akachorwa, picha ikapelekwa kwa mfalme wa nchi nyingine aitazame. Yule naye akaleta picha yake."

"Alikuwa mzuri?"

"Kwenye picha. Mchoraji alikuwa amemkata pua nusu."

Shangazi akasema, "Kama Amani kwenye WhatsApp."

"Shangazi!" Furaha akapiga kelele, na tukacheka mpaka nikapitiliza njia ya kutokea. Mimi huyo.

Karibu na Bulahdelah sindano ya joto ikapanda, moshi mweupe ukatoka mbele, nikapaki pembeni. Akaja mzee mmoja Mzungu, ndevu nyeupe, alikuwa amepaki karavani yake pale, tabasamu tele, anakunja mikono ya shati atusaidie.

"Mnatoka wapi, wasichana?"

"Merrylands."

"Merrylands ya Sydney?"

Akarudi nyuma hatua nne. Jamani! Kama amemwona chui. Damu ikanipanda. Nikamwambia sisi si wagonjwa, tumepimwa pua zote mbili, wewe mwenyewe barakoa iko wapi? Iko kidevuni! Mzee akageuka, akaenda zake.

"Umeridhika?" Shangazi akaniuliza. "Sasa maji utayatoa kwenye hasira yako?"

Furaha akawa anatazama nje. "Ziki, hata Binti Mfalme walimkimbia?"

Kweli kabisa, hicho kiko kwenye kitabu. Alipoanza safari ya kwenda kuolewa, farasi wengi, magari mengi, kulikuwa na tauni. Kila mji ulitaka cheti cha afya chenye muhuri. Mji mmoja ulikataa cheti chake, akalala shambani siku tisa na taji lake, na meya akamsomea hotuba ya kumkaribisha kutoka juu ya ukuta, pua imefungwa kitambaa.

"Toba," akasema Shangazi. "Kumbe hata wao."

Ndipo yule mzee akarudi, amebeba dumu la maji. Akaliweka chini katikati yetu, akarudi nyuma, akanionyesha kwa vidole: subiri ipoe, fungua polepole. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akapakua ugali na sombe kwenye sahani, akaenda kuiweka pale pale lilipokuwa dumu, akarudi nyuma hatua nne, anazihesabu kwa sauti.

Mzee akachukua, akaleta uma wake, akaonja.

"Ni mchicha?" akapaza sauti.

"Majani ya muhogo!" nikamjibu.

"Ni tamu sana!"

"Anasema nini?" Shangazi akauliza.

"Anasema tamu."

"Mwambie aache uma, anauchoma ugali kama adui."

Nikamwambia. Akacheka, akaweka uma, akala kwa mkono, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, sisi tumekaa kwenye ngazi ya gari, tunapigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Tulichelewa saa nzima. Sikuijutia hata dakika.

Bulahdelah mpaka Coffs Harbour

Tulipoingia tena barabarani nikafika kwenye ile sehemu ya kitabu.

Kwenye mpaka wa nchi mbili kulikuwa na mto, na katikati ya mto wakajenga nyumba ya mbao, mlango mmoja upande huu, mlango mmoja upande ule. Binti Mfalme akaingia na watu wake. Humo ndani wakamvua kila kitu cha kwao: gauni, soksi, hata kibanio cha nywele. Mbwa wake pia wakachukuliwa. Wakamvika nguo za nchi mpya, akatokea mlango wa pili. Watu wake wote wakaambiwa rudini.

"Na yule binti wa mama wa kunyonyesha?" Furaha akauliza.

"Naye akarudishwa."

"Halafu?"

Sasa nyinyi niwaambie ukweli, yeye sikumwambia. Nilipousoma ukurasa ule nilikitupa kitabu ukutani, na sikukifungua tena. Sijui kilichofuata. Nilikasirika mno. Lakini Furaha ananiangalia kwenye kioo, anasubiri, na mdomo wangu hauwezi kukaa bila kazi.

"Halafu hawakuonana tena," nikasema. "Chakula cha kule kibaya, mume mkali, lugha ngumu. Akakonda. Akafa."

"Akafa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili." Furaha ana ishirini na mbili.

Shangazi akanipiga begani kwa kifuniko cha sufuria. "Mtoto wa watu anaenda kuolewa, wewe unamletea habari za maiti! Una nini?"

Sikujua nina nini. Nilidhani nina njaa.

Tukaingia Coffs Harbour, pale penye sanamu ya ndizi ya manjano, kubwa kama lori, watu wanaizunguka wanapiga picha. Shangazi akataka tusimame. Akaizunguka mara mbili.

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Shangazi."

"Hawajafunga safari yote hii kuangalia ndizi isiyolika," akasema, akaingia garini ameudhika.

Tulimwacha Furaha kwa Mama Esperance, jirani yetu wa zamani kutoka kambini, akae hapo siku zake kumi na nne. Watu wetu wako wengi Coffs, sikuwa najua. Alitupa samaki na ndizi za kupika, za kweli. Kisha mimi na Shangazi tukageuza, maana Jumatatu nina shifti. Njia nzima nilikuwa natazama kioo, na kwenye kioo kuna kiti kitupu.

Siku kumi na nne

Mimi niko nyumba ya wazee Blacktown, nabadilisha mashuka na barakoa. Furaha yuko Coffs anahesabu siku. Tunapigiana simu nikiwa kwenye treni.

Siku ya tatu nikatafuta kitabu, hakipo.

"Furaha, kitabu changu?"

"Nilikichukua. Nakisoma."

"Umefika wapi?"

"Mbali kuliko wewe."

Nikashusha sauti. Watu wa kwenye behewa walikuwa wananisikiliza.

"Umejuaje?"

"Ziki, wewe unasoma huku unakula. Mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi kila karatasi ina kidole chako cha mafuta. Kuanzia hapo ni nyeupe kama sahani ya kanisani." Akavuta pumzi. "Kwa nini ulimuua?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Sasa alifanyaje? Niambie."

"Sikuambii. Nitakuambia tukifika mpakani."

Nilimbembeleza, nikamtukana, nikakata simu, nikampigia tena. Hakusema. Siku kumi na moja zilizobaki alinipimia kama dawa. "Leo Binti Mfalme amejifunza kupanda farasi." Kesho yake: "Leo barua zake zinafunguliwa na watu kabla hazijafika kwao." Nikasema, washenzi! Keshokutwa yake: "Leo amejifungua, na mawaziri wamesimama chumbani wanaangalia kama mpira." Nikauliza, lakini yule mwenzake, binti wa ziwa moja? "Subiri."

Siku ya kumi na mbili wakatangaza wagonjwa wapya sehemu nyingine. Simu ya mama Amani ikaingia kwa Shangazi: njooni upesi, huku wanasema watafunga. Sikulala vizuri. Na niwaambie jambo la aibu: kuna kipande kidogo cha moyo wangu kilisema, wafunge.

Coffs Harbour mpaka kwenye mstari

Jumamosi alfajiri tulimkuta Furaha amevaa tayari. Kitenge kipya, kitambaa kichwani, mikono ina mafuta. Alikuwa mzuri hadi nikamkemea: "Mbona umenenepa?" Akanikumbatia.

Njiani Shangazi akatoa sheria zake. Kwetu bibi harusi hacheki siku anayotoka kwao. Akicheka watasema alichoka na nyumba ya baba yake. Asiongee. Macho chini. Shangazi anamsemea, mpaka afike mikononi mwa mama mkwe, akalishwe kitu kitamu, ndipo afungue mdomo. "Kuanzia hapa," Shangazi akasema tukipita Ballina, na Furaha akafunga mdomo, akajifunika kitenge cha pili kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nilikaa naye saa nzima bila kuongea. Kitabu kilikuwa kwenye mapaja yake.

Tulikuwa tumekubaliana saa nne asubuhi. Saa nne kasoro dakika kumi tuko Tweed Heads.

Mpaka wenyewe, jamani! Mimi nilitegemea ukuta, mto, bunduki. Ni barabara tu, maduka huku, maduka kule, na katikati wamepanga vizuizi vya plastiki vimejazwa maji, urefu wa kiuno. Watu wameleta viti vya kukunja. Bibi mmoja upande wetu analishwa keki na wajukuu wa upande ule. Vijana wawili wamegawana chipsi, sanduku liko juu ya plastiki, Queensland anakula mkono wa kulia, New South Wales wa kushoto. Penye uwazi kuna hema na polisi.

Saa nne ikafika. Hakuna mtu. Saa nne na robo. Hakuna mtu. Furaha amesimama kajifunika, jua linamchoma, na watu wa mume hawapo! Nikampigia Amani.

"Shemeji, mko wapi?"

"Tuko njiani tunakuja. Si tumesema saa nne?"

"Sasa ni saa nne na robo!"

"Hapana, ni saa tatu na robo."

"Amani, usinichezee! Mnamdharau dada yangu? Mlidhani ana shida ya mume? Tunageuza gari sasa hivi!" Na mengine ambayo siandiki, kuna mchungaji kwenye grupu.

Yule bibi wa keki akanigusa na fimbo yake. Akanionyesha saa ya kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara. Saa tatu na robo. Queensland hawasogezi saa zao kiangazi, sisi tunasogeza. Barabara moja, saa mbili tofauti.

Shangazi akatazama saa ile, akatazama jua. "Wazungu wamepasua hata jua," akasema.

Kwenye mstari

Walipofika walifika! Wanawake sita wa kitenge kimoja, wanapiga vigelegele kutoka kwenye maegesho, mama Amani mbele na chupa ya soda kwenye sinia, Amani nyuma na suti, jasho linamtoka. Pua yake ni nzima, niseme haki. Shangazi akawajibu kwa wimbo. Wakajibu. Watu wa viti wakasimama wanarekodi. Nilisahau hasira yote, nami nikapiga vigelegele.

Basi tukasogea kwenye uwazi, Furaha katikati. Polisi mmoja mwanamke, mashavu mekundu ya jua, akachukua pasi, akamtazama Furaha.

"Jina lako nani, mpenzi?"

Furaha macho chini.

"Furaha," akajibu Shangazi.

"Namuuliza yeye. Unaenda wapi leo, mpenzi?"

Kimya. Chozi likamtoka, likadondoka kwenye kitenge. Zuri kabisa, Shangazi alijivuna. Halafu akasema kwa Kiingereza chake cha kununulia samaki: "Tunawapa. Leo huyu ni wao."

Polisi akamtazama Shangazi. Akawatazama wanawake sita wanaosubiri na sinia. Uso wake ukabadilika.

"Mnamtoa nani, mnampa nani?"

Na hapo mimi, badala ya kueleza kama mtu, nikaona dada yangu anasumbuliwa. Nikaruka mbele. "Usimuulize yeye! Leo haruhusiwi kuongea!"

Narudia, msome vizuri. Nilimwambia polisi, mbele ya watu wote, kuhusu msichana aliyefunikwa kichwa analia, kwamba haruhusiwi kuongea.

Polisi akaita mwenzake. "Msichana huyu ataongea na mimi peke yake. Nyinyi rudini nyuma." Akamshika Furaha kiwiko, akampeleka kwenye hema.

Lilikuwa hema jeupe. Lina mlango huku, na mlango kule.

Nilipoiona milango ile miwili nikawa kichaa. Nilipiga kelele kwamba hawamvui kitu, kwamba hawamchukui, kwamba namjua mimi, sisi ni ziwa moja! Polisi wa pili akaniambia nishushe mikono na nipandishe barakoa. Shangazi akanivuta kwa mkanda wa suruali. Ng'ambo Amani naye anapiga kelele, wanamzuia. Foleni ya magari inapiga honi.

"Wakisema hapiti?" nikamuuliza Shangazi.

"Akiandikwa leo, hapiti leo. Na kesho watafunga." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nitamwambia nini marehemu kaka yangu? Nilimwambia asiongee. Atanitii, mtoto yule. Atakaa kimya mpaka wamrudishe."

Nikaelewa ni kweli. Nikakusanya hewa yote niliyonayo, nikapiga kelele kwa Kiswahili kuelekea kwenye hema: "Furaha! Ongea! Shangazi amekuruhusu! Waambie unataka kwenda!" Na maneno hayo ya mwisho sikuwahi kuyasema kabla ya hapo.

Honi tu. Kisha tukasikia kicheko. Kicheko cha Furaha, kile cha kuku anayefukuzwa, hakuna kingine duniani.

Shangazi akajifunika uso. "Amecheka! Mbele ya wakwe! Ameniua!"

Polisi akatoka wa kwanza, naye anafuta macho. Akanijia mimi.

"Nilimuuliza kama kuna mtu anamlazimisha," akasema. "Amesema mtu pekee aliyejaribu kumlazimisha kitu ni yule mfupi anayepiga kelele nje. Amesema wiki mbili zilizopita ulimtisha na binti mfalme aliyekufa ili asiondoke. Na kwamba huyo binti mfalme hakufa."

Nikainamisha kichwa. Mimi! Mkitaka ushahidi muulizeni Shangazi.

Polisi akaturuhusu tusogee mpaka kwenye plastiki, lakini bila kugusana na watu wa ng'ambo, mita moja na nusu. Sasa mkono kwa mkono tutafanyaje? Shangazi hakuulizwa mara mbili. Akafungua kitenge cha yadi sita kutoka kwenye mkoba, akarusha ncha moja juu ya plastiki, mama Amani akaidaka. Ncha nyingine anayo yeye. Furaha akashika katikati, akaanza kutembea kwenye uwazi, kitambaa kinasogea naye, wale wanawake sita wanaimba, bibi wa keki analia, na hata polisi amevua kofia.

Alipofika ng'ambo Shangazi akaachia. Na kitambaa hakikuondoka. Nikatazama chini, nikaona mkono wangu umekamata pembe.

"Ziki," Furaha akasema. "Achia."

"Alifanyaje, basi? Umesema mpakani utaniambia."

Akaja mpaka kwenye plastiki, akaweka kitabu juu yake, akarudi nyuma hatua nne kama yule mzee wa Bulahdelah. "Ukurasa wa mia tatu na nne. Osha mikono kwanza."

Nikaachia. Mama Amani akamnywesha soda, vigelegele vikapanda, na suti ya Amani ikapotea katikati ya vitenge.

Kurudi

Nilivumilia mpaka Grafton. Miji mingine ina maua, Grafton imezama kwenye maua, zambarau juu, zambarau chini. Nikapaki, nikaosha mikono kwa maji ya chupa, nikamsomea Shangazi kwa sauti, natafsiri huku naenda.

Binti Mfalme hakukonda. Alijifunza lugha yao, akawa anagombana kwa lugha hiyo. Kila mwaka alimwomba mumewe amruhusu yule binti wa ziwa moja aje. Kila mwaka mawaziri wakakataa: mgeni, atapeleka siri kwao. Miaka kumi na moja. Kisha mfalme akafa, mtoto bado mdogo, na Binti Mfalme akashika muhuri wa nchi badala yake. Mezani kulikuwa na karatasi za vita, za kodi, za maaskofu. Akazisukuma zote pembeni. Karatasi ya kwanza aliyoipiga muhuri ilikuwa mstari mmoja, kwenda kwa walinzi wa mpaka: mwanamke huyu apite. Na alikwenda mwenyewe kumpokea mtoni. Kitabu kinasema waligombana kabla hawajafika jumbani, kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyenenepa.

Ua moja likaanguka kwenye kioo.

"Na wewe ukamuua," akasema Shangazi. "Washa gari."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Juzi mmesikia wenyewe, mpaka umefunguliwa kwa watu wa Sydney. Saa hiyo hiyo Furaha akanitumia picha. Ni karatasi ya daftari, mwandiko wake, na chini amedondosha nta ya mshumaa mwekundu, akaigandamiza kwa kifuniko cha soda ile ya mama mkwe. Imeandikwa: *Mwanamke huyu, mfupi, mwenye kelele, apite.*

Kwa hiyo Jumamosi msinitafute. Sombe iko jikoni, kamba ya mlango nimefunga mpya. Nitakuwa pale mpakani saa nne. Saa nne yao.